Kushusha shehena nzito mwezini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa Mombasa, kwa wanafunzi wa uhandisi, mafundi wa karakana na watu wa bandarini, kila mazungumzo yalipogeukia safari za mwezini. Yapo yaliyojibiwa kwa sentensi mbili na yapo yaliyodai maelezo marefu. Habari za wanaanga tumeziweka kando makusudi. Mtu alishakanyaga mwezi mwaka 1969. Ambalo bado halijafanyika ni kupeleka huko mzigo wa tani kadhaa, kuutoa chomboni na kuuweka chini ukiwa mzima. Gari zito kuliko yote lililowahi kuteremka kutoka kwenye chombo hadi kwenye udongo wa mwezi ni Lunokhod 2 ya Umoja wa Kisovieti, kilo 840 hivi, Januari 1973.

"Shehena nzito" ni kiasi gani hasa?

Inategemea unamuuliza nani. Vyombo vidogo vya kampuni binafsi vinavyotua siku hizi hubeba vifaa vya kisayansi vya makumi ya kilo, mara chache mamia. Argonaut, chombo kinachotengenezwa Ulaya, kimekusudiwa tani moja na nusu hivi. Blue Moon Mark 1 ya kampuni ya Blue Origin inalenga tani 3. Mwaka 2023 NASA ilizitaka SpaceX na Blue Origin, ambazo tayari zinaunda vyombo vya kuteremsha watu, ziandae pia matoleo ya mizigo yatakayofikisha tani 12 hadi 15.

Kwa mtu wa bandari ya Kilindini hesabu hiyo inachekesha kidogo. Kasha moja la futi 20 likijazwa sawasawa hufika tani 24, na mengine hukaribia 30. SpaceX yenyewe hutaja tani 100 kwa Starship, chombo chake kikubwa, lakini hayo ni matarajio ya juu kabisa. Sisi hapa tunahesabu kilichoagizwa.

Ni mzigo gani huo wa tani 12?

Miwili imetajwa rasmi. Wa kwanza ni gari la Japani lenye chumba kilichozibwa na kujazwa hewa, ambamo wanaanga wataishi na kusafiri bila kuvaa suti. Shirika la anga la Japani, JAXA, linalitengeneza pamoja na Toyota. Wa pili ni nyumba ya kuishi. Novemba 2024 NASA ilieleza mpango wake: gari libebwe na Starship, si kabla ya mwaka wa fedha 2032, na nyumba ibebwe na chombo cha Blue Origin, si kabla ya 2033.

Vitu hivi huwezi kuvikatakata vipande ili viunganishwe huko na watu waliovaa glavu nene. Vinakwenda vizima. Kwa sababu hiyo mbunifu mzuri huanza na umbo la mzigo na mlango utakaoutoa, halafu ndipo achore chombo.

Mbona wasitumie parachuti?

Mwezi hauna hewa ya kulishika parachuti. Chombo kinachozunguka karibu na mwezi kinakwenda kilomita 1.6 hivi kwa sekunde, na mwendo huo wote lazima uuawe na injini hadi mita ya mwisho.

Mafuta hula sehemu gani ya uzito?

Tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi hushangaa. Ukiwa tayari kwenye obiti ya chini ya dunia (yaani unaizunguka dunia kwa karibu), unahitaji kuongeza mwendo wa kilomita 3.1 hivi kwa sekunde ili uondoke kuelekea mwezini, kupunguza 0.9 ili mwezi ukushike, kisha kuua 2 nyingine ukishuka. Jumla ni 6. Kanuni aliyoichapisha mwanasayansi Mrusi Konstantin Tsiolkovsky mwaka 1903 inasema kwamba uwiano wa uzito wa mwanzo na uzito wa mwisho hutegemea mambo mawili tu: mwendo unaotaka kuubadilisha, na kasi ya gesi inayotoka kwenye injini.

Injini ya methani na oksijeni hutoa gesi kwa kilomita 3.7 hivi kwa sekunde. Kwa safari yetu ya 6, uwiano unakuwa kama 5. Yaani katika kila tani 100 zilizopo obitini, 80 ni mafuta (tunahesabu na oksijeni humo), na 20 ndizo zitakazogusa udongo. Hizo 20 nazo si shehena zote. Kuna matangi, injini, miguu, betri, kompyuta na nyaya, halafu ndipo shehena. Chombo chenyewe kikiwa tani 10, unabaki na shehena ya tani 10. Fundi akiogopa na kuongeza vyuma vya tani moja, shehena inapungua tani moja kamili.

Ukitumia haidrojeni na oksijeni, gesi hutoka kwa 4.5 hivi, na tani zinazofika zinapanda kutoka 20 hadi 26. Chombo kikibaki tani 10, shehena imetoka 10 ikafika 16. Nyongeza yote imekwenda kwenye mzigo.

Basi kwa nini wote hawatumii haidrojeni?

Kwa sababu chombo hakibaki tani 10. Haidrojeni kimiminika huchemka kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri, na ni nyepesi mno: mita moja ya ujazo ina kilo 71 tu, wakati methani inazidi kilo 400. Tangi linakuwa kubwa, linahitaji kufunikwa vizuri zaidi dhidi ya jua, na bado mafuta huchemka kidogo kidogo njiani na kupotea. Blue Origin imeichagua haidrojeni, na kwa safari ndefu inalazimika kuunda mitambo ya kuipoza huko huko angani. SpaceX imechagua methani, inayochemka kwenye nyuzi 162 chini ya sifuri, si mbali sana na oksijeni yenye 183.

Watu wa Apollo, mpango wa Marekani uliofikisha wanaanga mwezini, walikwepa kero yote hiyo. Chombo chao cha kutua kilitumia kemikali mbili zinazowaka zenyewe zikikutana, zinazokaa tangini kwa siku nyingi bila kupozwa. Gesi yake ilitoka polepole, kilomita 3 hivi kwa sekunde, kwa hiyo walilipa kwa uzito. Kwa watu wawili waliokaa siku tatu ulikuwa uamuzi wa busara. Kwa tani 15 usingefaa.

Ni kweli Starship haifiki mwezini bila kujazwa mafuta njiani?

Ni kweli. Ikishafika obiti ya dunia imemaliza karibu yote iliyokuwa nayo. Mpango ni kurusha Starship nyingine za kubeba mafuta, moja baada ya nyingine, zijaze ghala la angani, kisha chombo cha mwezini kijaze kutoka hapo. Makadirio yaliyotolewa hadharani yanazidi safari kumi kwa kila mteremko mmoja. Hadi 2025 hakuna aliyekuwa amehamisha mafuta baridi kwa wingi huo kutoka chombo kimoja hadi kingine angani, ambako kimiminika hakikai chini ya tangi mpaka ukisukume kidogo kwa injini.

Blue Moon Mark 1 imepita njia nyingine: roketi moja, safari moja, hakuna kujaza, na imeridhika na tani 3. Tungekuwa sisi wenye mizigo ya tani mbili mbili, tungepanda hiyo na kuwaacha wengine wahangaike na maghala.

Chombo kiwe kirefu au kipana?

Swali zuri, na miaka ya karibuni imelijibu kwa ukali. Februari 2024 chombo Odysseus cha Intuitive Machines kilitua kikiwa na mwendo wa pembeni, mguu ukavunjika, kikalala kwa ubavu. Machi 2025 Athena, wa kampuni hiyo hiyo, naye akaishia ubavuni ndani ya shimo karibu na ncha ya kusini. Vyote viwili vilikuwa virefu kwa miguu yake. Siku chache tu kabla ya Athena, tarehe 2 Machi 2025, Blue Ghost ya kampuni ya Firefly, fupi na pana, ilitua wima kwenye uwanda wa Mare Crisium na kufanya kazi yake yote.

Lakini usiseme haraka kwamba upana ndio dawa. Chombo lazima kiingie kwenye kichwa cha roketi, na kichwa cha roketi ni chembamba. Hata New Glenn, roketi ya Blue Origin ambayo ni kubwa, ina kichwa chenye upana wa mita 7. Miguu ya kukunjua ni mizito na ni kitu kingine cha kuharibika. Starship ya mwezini ina urefu wa mita 50 hivi. Watetezi wake husema injini na mabaki ya mafuta yako chini kabisa, kwa hiyo kitovu cha uzito hakiko juu kama picha inavyoonyesha. Ni kweli kwa chombo chenyewe. Weka sasa gari la tani 12 kwenye pua yake, matangi yakiwa yamekwisha karibu yote, na kitovu kinapanda. Mteremko wa ardhi wa nyuzi chache ambao chombo kifupi hakiujali, kirefu kinauogopa.

Kulikuwa na pendekezo la tatu. Kampuni ya Dynetics ilichora chombo cha kulala chini, chumba chake kikiwa karibu na ardhi na matangi pembeni. Kwa kushusha mizigo tulikipenda kuliko vyote. Mwaka 2021 NASA ilikikataa, na mojawapo ya sababu ilikuwa uzito: hesabu zake zilionyesha kimezidi kiwango hata kabla ya kuundwa.

Nani anakiendesha wakati wa kutua?

Kompyuta. Ishara ya redio huchukua sekunde 1.3 kufika mwezini na 1.3 kurudi, kwa hiyo mtu aliye duniani akiona hatari, imeshachelewa. Chombo hupima urefu kwa rada au leza, na kamera yake hulinganisha mashimo yaliyo chini na ramani iliyohifadhiwa.

Kompyuta nayo hudanganyika. Aprili 2023 chombo cha kampuni ya Japani, ispace, kilipita juu ya ukingo wa shimo kubwa; ardhi ikashuka ghafla kilomita 3 hivi, rada ikasema ukweli, programu ikadhani rada imeharibika na kuipuuza. Chombo kikaamini kimefika chini kikiwa bado kilomita 5 juu, kikaelea pale mpaka mafuta yakaisha.

Vumbi lina shida gani? Si ni vumbi tu?

Novemba 1969 Apollo 12 ilitua mita 160 hivi kutoka Surveyor 3, chombo kilichokuwa mwezini tangu 1967. Wanaanga walikata vipande vyake na kuvileta duniani, na ikaonekana vimepigwa msasa na mchanga uliorushwa na injini yao. Hakuna hewa ya kuipunguza chembe kasi, kwa hiyo inakwenda mbali sana, na chembe zenyewe zina makali kwa kuwa hazijawahi kusuguliwa na maji wala upepo.

Chombo cha Apollo kilikuwa na tani 7 hivi wakati wa kugusa ardhi. Chombo cha shehena kitakuwa kizito mara nyingi, na moto wake utachimba shimo chini ya miguu yake mwenyewe. SpaceX imependekeza injini ndogo za kutua zilizowekwa juu ubavuni, mbali na ardhi. Wengine wanataka kwanza ijengwe sakafu ya udongo uliochomwa ukashikana. Nani ataijenga, na kwa vifaa vilivyoletwa na chombo gani? Chombo cha kwanza kitatua juu ya udongo mtupu, hilo halikwepeki.

Kimeshatua. Mzigo unashukaje?

Swali hili ndilo tulilitaka liulizwe kwanza, na karibu kila mara huulizwa na mtu wa bandarini. Wengine hudhani kazi imekwisha injini zikizimwa.

Fikiria meli iliyotia nanga mahali pasipo na gati, kreni wala tishali, na mabaharia wake hawaruhusiwi kutoka nje. Inabidi ijishushie mizigo kwa vyombo vyake yenyewe, na kila chombo cha kushushia kimekula nafasi ya mzigo. Chombo cha mwezini kiko hivyo hivyo.

Njia zilizowahi kutumika ni chache. Luna 17, chombo cha Kisovieti, mwaka 1970 ilikuwa na ngazi za mteremko mbele na nyuma, ili Lunokhod 1 yenye kilo 756 ichague upande usio na jiwe. Ni ubunifu wa kawaida kabisa na haukuwahi kushindwa. Gari la wanaanga la Apollo 15, kilo 210 tu, lilikunjwa ubavuni mwa chombo. Wanaanga walivuta kamba, likajikunjua huku likiteremka. Chang'e 3 ya Uchina, Desemba 2013, ilikuwa na reli zilizoshuka pamoja na gari juu yake.

Yote hayo yalikuwa mita moja au mbili kutoka ardhini. Starship ina mlango wa mizigo juu sana, na lifti inayoning'inia nje. Lifti ikikwama, mzigo unabaki juu. Kuhusu Blue Moon Mark 1, urefu wake ni mita 8 hivi na mzigo unakaa juu, kwa hiyo nayo itahitaji mkono au kreni. NASA imejaribu kreni nyepesi ya kukunjuka katika kituo chake cha Langley, na maabara ya JPL ilitengeneza ATHLETE, mtambo wenye miguu sita na gurudumu kwenye kila mguu, uliobuniwa kuubeba mzigo kutoka juu ya chombo na kutembea nao.

Maoni yetu ni kwamba mzigo wenye magurudumu yake, uliowekwa chini, wenye mteremko mfupi, utashinda mbinu zote hizi kwa miaka mingi ijayo. Nyumba ya kuishi haina magurudumu, na hapo ndipo ugumu unapobaki. Wapo wanaosema isishushwe kabisa, watu waishi humo humo ikiwa juu ya chombo chake.

Mimi ni dereva wa kreni. Mwezini mzigo ni mwepesi mara sita. Si kazi itakuwa rahisi?

Nusu. Mzigo wa tani 12 utavuta slingi kwa nguvu ya tani 2, kwa hiyo mkono wa kreni unaweza kuwa mwembamba. Lakini tungamo, kile kiasi cha kitu chenyewe, halijapungua hata kilo moja. Ukiusukuma pembeni ni tani 12 zinazosogea, na kuusimamisha ni tani 12 za kusimamisha.

Kubembea ndiko kutakakokuudhi. Slingi ya mita 10 hapa Kilindini hubembea kwenda na kurudi kwa sekunde 6 na kitu. Mwezini ni karibu 16, tena hakuna hewa ya kuituliza. Ukikosea mkono unasubiri. Na kwa uzito wa kusawazisha kreni usilete chuma kutoka duniani: wahandisi hufikiria kapu la kujazwa udongo wa pale pale.

Madereva wa malori nao wasicheke. Tairi hushika ardhi kwa sehemu moja ya sita, na gari ni zito vile vile, kwa hiyo breki huchukua umbali mara sita.

Usiku wa mwezini unadhuru mizigo?

Sana. Usiku mmoja ni karibu siku 14 zetu, na baridi hushuka chini ya nyuzi 130 chini ya sifuri. Betri na viungio vingi hufa. Shehena inayongoja kushushwa inahitaji umeme na joto kutoka kwa chombo, na hilo husahauliwa kwenye michoro ya mwanzo.

Kwa nini wote wanakimbilia ncha ya kusini?

Barafu na mwanga. Oktoba 2009 NASA iliangusha sehemu ya roketi ndani ya shimo la Cabeus, lenye kivuli cha kudumu, na maji yakaonekana kwenye kilichoruka. Juu ya vilele jirani jua huonekana sehemu kubwa ya mwaka. Kwa mbunifu wa chombo cha mizigo, hata hivyo, ni mahali pabaya: ardhi ina miinuko, na jua likiwa chini kabisa vivuli huwa virefu mpaka kamera haitofautishi shimo na giza.

Chombo hurudi baada ya kushusha?

Kikirudi, kinabeba mafuta ya kurudia, na mafuta hayo yamechukua nafasi ya shehena. Blue Moon Mark 2, ndugu mkubwa wa Mark 1, inaonyesha bei yake waziwazi: tani 20 ikiwa itarudi, 30 ikiwa itabaki. Kwa sasa kuacha chombo huko ni sawa. Matangi matupu yana kazi.

Mbona wasirushe kutoka pwani yetu? Si tuko karibu na ikweta?

Waliwahi kurusha, si kwenda mwezini. Jukwaa la San Marco la Waitaliano liko baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na ndipo setilaiti Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri. Roketi ilikuwa Scout, ndogo. Jukwaa halijarusha tangu 1988.

Faida ya ikweta ipo, ila hukuzwa mno mitaani. Mzunguko wa dunia hukupa mita 464 hivi kwa sekunde hapa. Florida hutoa 409. Tofauti ni 55, na kufika obiti kunataka zaidi ya 9,000. Kinachoamua ni viwanda, mitambo ya oksijeni baridi, barabara za kubeba roketi nzima, na fedha.

Bei ni gani?

Kampuni ya Astrobotic ilitangaza dola milioni 1.2 kwa kila kilo inayofikishwa ardhini. NASA iliipa SpaceX mkataba wa dola bilioni 2.89 mwaka 2021, na Blue Origin bilioni 3.4 mwaka 2023, lakini hiyo ni kwa vyombo vya watu, usigawanye kwa kilo.

Naweza kukiona chombo kikishuka nikiwa Mombasa?

Huwezi, hata kwa darubini kubwa kuliko zote. Mahali unaweza kupaona. Siku ya nne au ya tano baada ya mwezi kuandama, elekea magharibi jioni na darubini ya mkono. Karibu na ukingo wa chini unaong'aa, kulia kidogo, kuna doa jeusi la duara. Hiyo ni Mare Crisium, alipotua Blue Ghost.

Nisomee nini?

Uhandisi wa mitambo, umeme au programu za udhibiti. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa hufundisha wa mitambo. Kenya imeshafanya vitu vidogo vya angani: Chuo Kikuu cha Nairobi kilitoa setilaiti 1KUNS-PF mwaka 2018 kikishirikiana na Waitaliano, na Taifa-1 ilirushwa Aprili 2023. Kama bado uko shule, chukua kikokotoo chenye kitufe cha logi, urudie hesabu ya tani 100 tuliyoifanya juu, halafu badilisha uzito wa chombo uone shehena inavyopanda na kushuka.